Je, Wajua? Kama Kengele Isingelia

Je, wajua kwamba mshindi wa mieleka ya kulipwa hupangwa kabla mtazamaji hajakata tiketi? Hilo unalijua tangu enzi za vibanda vya video, pale mlipobanana kwenye mabenchi kumtazama Undertaker akipindua macho. Lakini je, wajua ni mara ngapi mipango hiyo imepinduliwa na mguu ulioumia, siri aliyopewa refa au televisheni iliyobadili nia? Sogea karibu. Historia ya mchezo huu imeponea chupuchupu kushika njia nyingine, tena si mara moja.

Tuanze na mguu wa Hulk Hogan. Tarehe 23 Januari 1984, ndani ya Madison Square Garden jijini New York, Hogan alimbwaga Iron Sheik akatwaa mkanda, na mieleka ya Marekani ikawaka moto. Sheik alisimulia miaka yote kwamba kabla ya usiku ule aliahidiwa dola 100,000 amvunje Hogan mguu! Kwa maelezo yake, aliyetoa ahadi hiyo ni Verne Gagne, kocha aliyemfundisha kazi Sheik na bosi aliyeachwa na Hogan. Sheik akakataa. Hebu waza mguu ule ungevunjika.

Usingevunjika peke yake. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, tarehe 31 Machi 1985, ukumbi uleule ulijaa watu 19,121 kwa tamasha la kwanza la WrestleMania, na Hogan ndiye aliyekuwa stelingi. Wengine zaidi ya milioni 1 waliitazama kwenye skrini kubwa za kumbi mbalimbali. Na nani alikuwa refa wa nje ya ulingo? Muhammad Ali, ndugu yangu!

Ali na mieleka ni damu moja. Mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka 19, alikutana Las Vegas na mwanamieleka Gorgeous George, bwana wa nywele za dhahabu aliyeingia ulingoni na mtumishi wa kumnyunyizia manukato. George alimfundisha kwamba watu watalipa kumwona mwenye majivuno akinyamazishwa. Tambo nyingi za Ali ulizozisikia zilichochewa na mpiga mieleka.

Je, wajua kwamba Ali aliwahi kupambana na mwanamieleka na matokeo hayakupangwa? Ni tarehe 26 Juni 1976, Tokyo, dhidi ya Antonio Inoki, chini ya miaka 2 baada ya Ali kumwangusha George Foreman pale Kinshasa. Inoki alilala chali karibu pambano zima akimpiga mateke miguuni. Ali, bingwa wa dunia wa ngumi, alirusha ngumi zisizofika 10 katika raundi 15! Ikawa sare, mashabiki wakatupa takataka ulingoni, na miguu ya Ali ikavimba hadi akalazwa hospitali. Leo mashabiki wa mapigano ya mchanganyiko wanautaja usiku ule kama mbegu ya mchezo wao.

Usimwache Inoki hapo. Mwaka 1989 aliingia bungeni Japani. Mwaka 1990, Saddam Hussein alipokuwa amewazuia Wajapani nchini Iraq, Inoki alifunga safari, akaandaa tamasha la michezo Baghdad, na mateka wakarudi nyumbani. Mpiga mieleka!

Sasa shika benchi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1995, Inoki huyohuyo aliipeleka mieleka Pyongyang, Korea Kaskazini. Waandaaji walitangaza watu 150,000 na zaidi kwa kila siku ya hizo mbili. Hakuna tamasha la mieleka lililowahi kutangaza umati mkubwa kuliko huo, na aliyepigana na Inoki siku ya pili alikuwa Mmarekani Ric Flair. Ali naye alikuwapo, ameketi anatazama.

Kwa nini Pyongyang? Kwa sababu kocha wa Inoki, Rikidozan, baba wa mieleka ya Japani, alizaliwa Korea, upande ambao leo ni Kaskazini. Wajapani walimpenda kama mwana wao, na wengi hawakujua asili yake. Alichomwa kisu kwenye klabu ya usiku Desemba 1963, akafa wiki moja baadaye.

Na huyo Ric Flair? Nusura asiwepo. Tarehe 4 Oktoba 1975 ndege ndogo aliyopanda ilianguka karibu na Wilmington, North Carolina, naye akavunjika mgongo sehemu 3. Madaktari walimwambia mieleka basi. Mwaka uliofuata alikuwa ulingoni, na pambano lake la mwisho alilipiga mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 73!

Lakini kisa cha ndege ile kinachonisisimua zaidi ni cha abiria mwingine. Tim Woods, aliyejulikana kama Mr. Wrestling, alikuwa mtu mwema machoni pa mashabiki, na humo ndani alikaa na maadui zake wa ulingoni. Siku zile siri ya mieleka ililindwa kama siri ya jandoni, na watu wangegundua kwamba mahasimu husafiri pamoja, biashara ingekufa. Akiwa na majeraha, Woods aliwapa polisi jina lake halisi na kusema yeye ni mwandaaji wa mapambano. Kisha, wiki mbili tu baadaye, akapanda ulingoni na maumivu yake ili kuzima uvumi. Mwanamume!

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mei 1987, Iron Sheik na Jim Duggan, mahasimu wakubwa kwenye televisheni, walisimamishwa na polisi huko New Jersey wakiwa ndani ya gari moja. Nchi nzima ikajua. Miaka 2 baadaye kampuni yao yenyewe, WWF, iliwaambia wabunge wa jimbo hilohilo kwamba mieleka ni burudani, ili iondolewe chini ya tume ya michezo na kodi zake.

Na wale waliosema wametoka mbali, je, walitoka huko kweli? Ivan Koloff, “Mrusi” aliyeogopwa Marekani nzima, alikuwa Mkanada. Tarehe 18 Januari 1971 alimwangusha Bruno Sammartino, aliyekuwa ameushika mkanda kwa siku 2,803 mfululizo. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba Sammartino alidhani masikio yake yameziba. Mkanda huo Sammartino aliuchukua miaka 7 na ushei kabla ya hapo, kwa sekunde 48 tu.

Kuna huyu wa kwetu sasa. Kamala, “Jitu la Uganda”, alipakwa rangi usoni na tumboni, akapewa mkuki na kinyago, na watangazaji wakasema aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani! Uganda hiyo ilitungwa Memphis mwaka 1982. Mwaka 1992 Undertaker alimfungia ndani ya jeneza.

Mexico nako wana siri zao. El Santo, mwenye kinyago cha fedha, aliigiza filamu zaidi ya 50 bila umma kuuona uso wake. Mwaka 1952 alimvua kinyago Black Shadow, na rafiki wa Black Shadow aitwaye Blue Demon akaapa kulipiza, ukazaliwa uhasama ambao Wamexico wanausimulia hadi leo. Januari 1984 Santo aliinua kinyago chake kidogo kwenye televisheni. Siku chache baadaye akafariki, akazikwa nacho.

Haya, rudi Marekani kwa majitu. Tarehe 29 Machi 1987, uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan: WWF ilitangaza watu 93,173! Hogan alimwinua Andre the Giant, mtu aliyetangazwa kuwa na kilo 236, akampiga mweleka. Unadhani kilichokuwa kigumu ni uzito? Andre alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na chini ya vazi lake jeusi alivaa mkanda wa kumshikilia. Hogan alisimulia kwamba hadi dakika ile hakuwa na hakika kama Andre angekubali kuinuliwa. Angekataa, nani angemlazimisha?

Siku hiyohiyo Randy Savage na Ricky Steamboat walipigana dakika 14 na kidogo ambazo wengi bado wanaziweka juu ya pambano la majitu. Savage alikuwa ameandika kila hatua kwenye karatasi, namba kwa namba, na alimhoji Steamboat kama mwalimu mpaka wote wawili wakaikariri. Itafute uitazame. Hutaona hata pumzi moja iliyopotea.

Sasa tega sikio, kwa sababu hapa pana mtu mmoja ambaye sichoki kumzungumzia. Tarehe 5 Februari 1988 Hogan na Andre walirudiana mbele ya watazamaji milioni 33 wa televisheni ya Marekani. Refa akahesabu tatu huku bega la Hogan likiwa juu waziwazi, Hogan akapoteza mkanda. Ghafla akatokea refa wa pili, sura ileile, nguo zilezile! Walikuwa pacha halisi, Dave na Earl Hebner, na Earl ndiye aliyekuwa “refa bandia”. Likumbuke jina hilo, Earl Hebner.

Miaka 8 na ushei ikapita. Oktoba 1996 Bret Hart alitia saini mkataba wa miaka 20 na WWF. Miaka 20! Mwaka mmoja baadaye Vince McMahon, mwenye kampuni, akamwambia hana uwezo wa kumlipa, aende zake kwa washindani, WCW. Tatizo ni kwamba Bret alikuwa bado ameshika mkanda, na hakuwa tayari kuupoteza kwa Shawn Michaels katika nchi yake, Kanada.

Kwa nini McMahon aliogopa hivyo? Kwa sababu Desemba 1995 bingwa wa wanawake wa WWF, Madusa, alihamia WCW na mkanda wake, akautumbukiza kwenye pipa la taka mubashara! Fedheha ile McMahon hakuisahau.

Basi ikafika tarehe 9 Novemba 1997, Montreal. Michaels alimtia Bret kwenye mtego wa Bret mwenyewe, Sharpshooter. Bret hakusalimu amri. McMahon, kando ya ulingo, akapiga kelele kengele ipigwe, na refa akatoa ishara. Refa gani? Earl Hebner!

Kilichofuata hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Bret alimtemea mate McMahon usoni, akachora herufi WCW hewani kwa kidole, na chumbani akamwangusha bosi wake kwa ngumi moja. Miaka 12 ikapita kabla hawajapeana mkono mbele ya umma, Januari 2010.

Na hapa ndipo penye utamu. Baada ya usiku ule mashabiki walimchukia McMahon kweli, naye akaitumia chuki hiyo: akawa adui mkuu wa kipindi chake mwenyewe, akipambana na Stone Cold Steve Austin. WCW ilikuwa imeipiku WWF katika idadi ya watazamaji wiki 83 mfululizo. Aprili 1998 mfululizo huo ukakatika, wiki ambayo Austin alitakiwa kupigana na McMahon. Bila kengele ya Montreal, huyo bosi mbaya angetoka wapi?

WCW nayo ilikuwa na usiku wake wa kuponea chupuchupu. Tarehe 7 Julai 1996, Daytona Beach, Hogan aliwageukia mashabiki akawa adui, na taka zikajaa ulingoni. Hadi siku ya tukio Hogan alikuwa anasitasita, na Sting alikuwa amewekwa akiba kuchukua nafasi yake. Sting mbaya! Hebu jaribu kulichora hilo kichwani.

Unajua kipindi chao cha Nitro kilivyoanza? Tarehe 4 Septemba 1995, mubashara kutoka duka kubwa la Mall of America, akatokea Lex Luger. Jana yake alikuwa kwenye pambano la WWF! Mkataba ulikuwa umekwisha na McMahon hakuwa na habari.

Halafu wakajikwaa kwa ulimi. Tarehe 4 Januari 1999 mtangazaji wa WCW aliagizwa afichue kwamba Mick Foley angeshinda ubingwa usiku ule upande wa pili, ili watu wapuuze. Watazamaji wapatao 600,000 walibadili chaneli papo hapo kwenda kumshuhudia Foley!

Unaelewa kwa nini walimpenda? Mwaka 1994, Munich, Ujerumani, Foley alinaswa shingo kwenye kamba na sehemu kubwa ya sikio lake ikang’oka, naye akaendelea kupigana. Mwaka 1998, Pittsburgh, Undertaker alimtupa kutoka juu ya kizimba cha karibu mita 5. Akapanda tena! Safari ya pili paa lenyewe likaachia, jambo ambalo halikupangwa, na jino likaonekana limetokeza puani. Ni huyo.

Mwanzoni mwa 2001 Eric Bischoff, bosi wa zamani wa WCW, na wenzake walikuwa mbioni kuinunua WCW. Machi, televisheni iliyokuwa ikirusha vipindi vya WCW ikavifuta, wanunuzi wakajitoa, na McMahon akalichukua jina la mshindani wake mkuu kwa dola milioni chache tu. Tarehe 26 Machi 2001 Nitro ilirushwa kwa mara ya mwisho. Pambano la kufunga lilikuwa Flair na Sting, haohao waliopigana kwenye Nitro ya kwanza.

Ushindi ule haukumlinda McMahon dhidi ya panda. Mfuko wa mazingira wenye nembo ya panda, nao ukiitwa WWF, ulimshtaki Uingereza kwa ajili ya herufi hizo tatu ukashinda. Mei 2002 WWF ikawa WWE.

Za harakaharaka sasa. SummerSlam ya 1992, tamasha la WWF, ilipangwa kufanyika Washington, ikahamishiwa Wembley, London, ikatangazwa watu 80,355. Dwayne Johnson, The Rock, alitemwa na timu ya futiboli ya Kanada mwaka 1995 akabaki na dola 7 mfukoni. Wangembakiza? Na Santino Marella, kwenye pambano la Royal Rumble la 2009, alidumu ulingoni sekunde 1.9. Hujamaliza kutamka jina lake, katoka!

Undertaker unamkumbuka. Tangu 1991 hakuwahi kushindwa WrestleMania, mapambano 21. Tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans, Brock Lesnar akambana, refa akahesabu tatu, na umati wa watu 75,167 waliotangazwa ukapigwa na butwaa. Undertaker alipata mtikisiko wa ubongo, na amesema pambano lile halikumbuki kabisa. Dunia nzima inalikumbuka isipokuwa yeye.

Nimekuwekea Kofi Kingston. Amezaliwa Ghana, lakini mwaka 2008 WWE ilimtambulisha kama Mjamaika! Miaka 11 alipigana bila kuutwaa mkanda mkubwa. Februari 2019 mwanamieleka mwenzake, Mustafa Ali, aliumia, nafasi yake kwenye pambano la ubingwa ikabaki wazi, Kofi akaitwa kuijaza, na mashabiki wakapaza sauti mpaka uongozi ukasalimu amri. Tarehe 7 Aprili 2019, kwenye WrestleMania ya 35, alimshinda Daniel Bryan akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Oktoba mwaka huo Lesnar akamnyang’anya katika sekunde zisizofika 10. Jeraha la mtu mwingine lilimfungulia mlango, na muda wa kupiga chafya mbili ukamfungia, lakini rekodi hiyo hakuna wa kuifuta.

Na kama bado unaitafuta ile Uganda ya kweli, nenda Mukono. Vijana wa Soft Ground Wrestling walijenga ulingo wa nguzo za miti, na mahali pa turubai palikuwa tope tupu. Walirukiana kutoka juu, wakabwagana, wakainuka hawatambuliki sura, na mwaka 2023 video zao zikasambaa dunia nzima. Fungua simu yako uwatazame usiku huu, kisha kesho nikukute hapahapa na jina la uliyemchagua!